VIUNGA VYA ARUSHA NI VYA NANI?

Mtu akihamia Arusha, swali lake la kwanza baada ya kupata kazi ni nyumba. Akiisha kupata chumba cha kupanga kwa haraka, karibu na stendi au jirani na sokoni, hazipiti wiki nyingi ila huja na swali la pili: Je, katika jiji hili hakuna mahali ambapo mtu aweza kulala pasipo kusikia honi za vifodi, akaamka akaona miti, watoto wake wakacheza nje bila ya mama yao kuchungulia dirishani kila dakika, na hata hivyo asubuhi akafika kazini kwa wakati? Waulizao hivi si matajiri peke yao. Muulizaji ni mwalimu, ni karani, ni dereva wa magari ya watalii, ni mama auzaye mboga katika soko la Kilombero. Leo twapenda kulijibu swali hilo, ingawa jibu lenyewe si tamu lote.

Mahali hapo papo. Tena papo karibu kuliko wadhaniavyo wageni. Ondoka Mnara wa Saa kwa miguu, ambao watalii huambiwa ndio kati na kati ya Cairo na Cape Town, ukapande kuelekea mlimani. Ukiisha kuivuka barabara kuu ya Moshi na Namanga umo katika njia za Sekei. Hata nusu saa haijatimia nawe unapita chini ya migomba, mfereji wa maji unakwenda kando yako, ng'ombe analia nyuma ya ua wa masale, na moshi wa jikoni unapita juu ya mibuni. Geuka ukitazame kilele cha Meru, chenye mita zaidi ya 4,500, kimekusimamia kichwani. Na huko chini, sauti za magari zimekuwa kama nyuki wa mbali. Ilboru ni hivyo hivyo, na sehemu nyingi za Moshono vile vile. Njiro nako kuna utulivu wake, wa namna nyingine: viwanja vilivyopimwa, barabara zilizonyooka, bustani za maua mbele ya nyumba. Uzunguni, kando ya mto Themi, mijakaranda hutandika maua ya zambarau barabarani kila ufikapo mwezi wa Oktoba na Novemba. Na mwenye kukubali kupanda gari kila siku aweza kwenda mbali zaidi, Tengeru na Usa River upande wa mashariki, au Ngaramtoni upande wa magharibi. Tangu ilipopanuliwa barabara ya Sakina hadi Tengeru kuwa ya njia mbili, kilomita 14, safari hizo si adhabu kama zilivyokuwa.

Waswahili wa zamani walikuwa na neno lao kwa mahali pa namna hii. Walipaita kiunga: pale mji unapokwisha na mashamba yanapoanza, ambapo mtu wa mjini huwa na miti yake na kisima chake, naye bado husikia adhana au kengele ya mjini. Arusha ina bahati ya kuwa na viunga hata ndani ya mipaka ya jiji. Dar es Salaam na Nairobi mtu hana budi kuvitafuta kwa fedha nyingi. Hapa kwetu, mpaka juzi, mtu aliweza kuvipata kwa miguu yake tu.

Lakini yapasa tuulize utulivu huo umetoka wapi, maana si wote wenye asili moja, na asili yake ndiyo itakayotuonyesha ni nani anayestahili kuulinda.

Utulivu wa Uzunguni ulifanywa kwa amri. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1900, kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru waliokuwa wameshindwa vita, na jengo hilo lingali lipo, sasa ni makumbusho. Mji uliozaliwa kando ya boma hilo, chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza, ukagawanywa kama miji mingine yote ya nchi hii: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni kulipewa nafasi, miti na maji. Uswahilini kulipewa kilichobaki. Ni ajabu kwamba miaka ile ile, huko Uingereza, mtu aliyeitwa Ebenezer Howard alikuwa ameandika kitabu, mwaka 1898, akitaka mfanyakazi wa kawaida naye akae katika mji wenye bustani na mashamba kandokando, na mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ukaanza kujengwa mwaka 1903. Huku kwetu bustani iligawiwa kwa rangi ya ngozi. Ubaguzi huo ulifutwa, na ni vema. Ila mwenye macho na aseme kama leo, katika mitaa ile ile, fedha haijakaa katika kiti kile kile kilichoachwa na rangi.

Utulivu wa Njiro ulifanywa kwa kamba ya mpima ardhi. Viwanja vilipimwa, vikagawiwa, watu wakajenga kwa utaratibu. Hatuna neno baya juu ya kazi hiyo. Laiti mitaa mingi zaidi ingepata kamba hiyo kabla ya kupata nyumba.

Bali utulivu wa Sekei, wa Ilboru na wa Moshono haukufanywa na ofisi yo yote. Ulifanywa na mkulima. Ni yeye aliyepanda migomba na mibuni, akachimba mifereji, akaziacha njia za miguu kati ya shamba na shamba ili jirani apite kwenda kisimani, shuleni na kanisani. Wala hakuufanya katika siku za raha. Msomaji akumbuke kwamba watu wa mlima huu walibanwa juu na msitu uliotengwa na serikali, na chini na mashamba makubwa ya walowezi. Walipohitaji nafasi kwa watoto wao hawakuwa na pa kwenda, ila kupanda mgomba juu ya mbuni, na maharage chini ya vyote viwili, mpaka kipande kidogo kikalisha nyumba nzima. Na hata upande wa pili wa mlima, Engare Nanyuki, mwaka 1951 Wameru walifukuzwa katika ardhi yao, nyumba zikachomwa moto, ili nafasi wapewe wafugaji wa Kizungu. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuisema dhuluma hiyo mbele ya dunia. Watu waliolilia ardhi namna ile ndio waliotupandisha kivuli hiki ambacho leo mtu wa mjini anakitafuta na kukilipia.

Sasa tutazame yanayotendeka. Mzee ana eka moja na nusu na watoto sita. Kahawa haimlipi kama zamani, ada na sare za shule hazingoji, na mjukuu yuko hospitali. Dalali anakuja na pikipiki, anamwambia kwamba hatua ishirini kwa ishirini, kule pembeni ambako hata migomba haizai vizuri, itampa fedha ambazo kahawa haitampa kwa miaka kumi. Mzee anauza. Nani atamlaumu? Sisi hatumlaumu. Karatasi inaandikwa, mashahidi wanatia sahihi, na mnunuzi anakuja na lori la matofali.

Mnunuzi naye si mtu mbaya. Ni yule yule aliyeuliza swali letu la kwanza. Ametoka katikati ya mji akitafuta migomba, ndege na hewa ya mlimani. Kazi yake ya kwanza ni kukata migomba ili apate nafasi ya msingi. Ya pili ni kujenga ukuta, na juu ya ukuta chupa zilizovunjwa au waya wa umeme. Ukuta umepita juu ya njia ya miguu, kwa hiyo watoto wa shule wazunguke. Umeziba mfereji, kwa hiyo mwenye bustani ya chini anunue maji. Baadaye jirani anauza, na jirani wa jirani. Mmoja anajenga vyumba vya kupangisha, wa pili anafungua baa yenye muziki mpaka alfajiri, wa tatu karakana ya magari. Miaka kumi haijapita, na yule aliyekuja kutafuta utulivu anamwita dalali tena amtafutie kiwanja kingine, juu zaidi, karibu na msitu.

Tumepita katika njia kadhaa za namna hii, ukuta kulia na ukuta kushoto, upana wake hautoshi gari la zimamoto wala la wagonjwa kugeuza, na hapana hata mti mmoja wa kumpumzisha mzee njiani. Mtu akituambia kwamba hayo ndiyo maendeleo, twamwomba atembee huko saa nane ya mchana akiwa na mzigo kichwani.

Hesabu za watu zaonyesha haraka ya jambo hili. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, mji huu ulikuwa na watu kama 32,000. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 416,442. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 617,631. Ongezeko la miaka kumi tu, watu laki mbili na zaidi, ni mji mzima wa mwaka 1967 mara sita. Watu hao hawakosei kuja. Arusha ina Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ina utalii, vyuo na viwanda. Lazima walale mahali.

Na hapa twataka kusema neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Si kila mtu atakayepata kiunga chake. Tufanye hesabu ya shule ya msingi: tuseme kila nyumba ina watu wanne, basi watu 617,631 ni nyumba 154,000 na ushei. Kila nyumba ikipewa robo eka, zatakiwa eka 38,500, yaani karibu kilomita za mraba 156, bila ya barabara, bila ya shule, bila ya soko wala makaburi. Mji wa namna hiyo utapanda mlima mpaka uingie msituni, na utashuka bondeni mpaka ule malisho yote. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba dawa ni kumpa kila mwananchi kiwanja chenye bustani wanasema maneno mazuri yasiyowezekana. Sehemu ya watu wa jiji hili itakaa katika maghorofa, wala si aibu, ikiwa kati ya ghorofa na ghorofa patabaki uwanja wa watoto, miti na mabenchi. Ukuta wa mtu mmoja hauwezi kuwapa watu mia tano utulivu. Uwanja mmoja waweza.

Maana hatupendi mtu afikiri kwamba tukisema utulivu twasema Sekei na Njiro tu. Iko mitaa ya chini, ambayo wenye magari huipita kwa kufunga vioo: Unga Limited, iliyorithi jina la kinu cha unga, Ngarenaro, ambayo jina lake lasema maji meusi kwa lugha ya Kimaasai, Daraja Mbili, Sombetini, Kaloleni. Huko ndiko wanakolala wengi wa wale wanaojenga, wanaofagia na wanaolinda nyumba za viungani. Huko kuna kelele na vumbi, ni kweli. Lakini huko pia mtoto akianguka, mikono mitano humwinua, na mgeni akiuliza nyumba ya fulani haambiwi kwamba hajulikani. Twawajua watu waliohamia nyuma ya kuta ndefu wakakaa mwaka mzima pasipo kulijua jina la jirani, mpaka siku ya msiba walipoona turubai limefungwa. Mitaa ya chini haihitaji kuhubiriwa ujirani. Inahitaji mifereji ya maji machafu, taa za barabarani, miti, na vile viwanja vichache vya wazi vilivyobaki visigeuzwe maduka.

Tena mitaa ya juu na ya chini zimefungwa kwa kamba moja, nayo ni maji. Mvua inyeshayo Meru hushuka kwa Themi, kwa Naura na kwa makorongo mengi yasiyo na jina katika ramani. Migomba na udongo wa shamba hunywa sehemu ya mvua hiyo; saruji na bati hazinywi hata tone. Kila shamba linalogeuzwa ua wa saruji huko juu hupeleka maji yake kwa haraka zaidi kwa mtu wa chini. Mwezi wa Aprili, 2024, gari la shule lilichukuliwa na maji ya korongo upande wa kusini wa jiji, na watoto wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba ukuta wa fulani ndio uliowaua. Kusema hivyo kungekuwa uzushi. Twasema kwamba korongo haliulizi maji yametoka kwa nani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwenye shaka kama sheria hiyo inatiiwa na afuate mto Naura kutoka barabara kuu kwenda chini, ahesabu nyumba.

Juu ya maji ya kunywa tutasema machache. Miamba ya mlima huu wa volkano hutia madini ya floridi katika chemchemi nyingi, na meno ya watu wetu yametiwa rangi ya kahawia kwa sababu hiyo tangu utotoni. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliokadiriwa shilingi bilioni 520 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudiwa kuleta maji mengi na bora zaidi. Twatumaini mabomba yatawatangulia wakazi wapya wa Muriet, Olmoti na Olasiti, wala hayatawafuata nyuma. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42, izungukayo jiji upande wa kusini, imeifungua nchi ile kwa wanunuzi, na uwanja mpya wa mpira ulioanza kujengwa Olmoti kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 umezidi kuipandisha thamani. Huko bado kuna nafasi ya kutenda kwa akili yale tuliyoyatenda kwa pupa huko juu.

Basi, nani atende? Hapa pana fundo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Arusha kama watu waijuavyo ni mji mmoja, lakini imo katika mikono ya halmashauri tatu. Sekei ni ya Jiji; Ilboru, ambayo mtu huifikia kwa miguu kutoka mjini, ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha; Tengeru na Usa River ni za Meru. Mto hauijui mipaka hiyo, wala dalali. Shamba likigawanywa upande mmoja wa mpaka, maji na magari yake huenda upande wa pili, na kila ofisi yaweza kuinyoshea nyingine kidole. Mpango wa jumla wa mji unaotazama mpaka mwaka 2035 ulitungwa kwa kuihesabu nchi yote hii kuwa kitu kimoja. Karatasi imekwisha kuungana. Waliobaki kuungana ni watu.

Twazitaka halmashauri hizo tatu zikae pamoja na kuanza na jambo lililo rahisi, nalo ni njia za miguu. Zipimwe zote, za Sekei, za Ilboru, za Moshono, ziwekwe katika ramani, na mtu asipewe kibali cha kujenga ukuta juu yake. Hili halihitaji mkopo wa benki yo yote. Latakiwa karani, mpima mmoja, na mzee wa mtaa anayekumbuka njia ilipita wapi.

La mkulima ni gumu zaidi. Leo anauza kabla ya kupimwa, kwa bei ya dalali, na barabara haina mwenyewe. Yafaa ofisi za ardhi zimfikie yeye kwanza: eneo lipimwe pamoja na majirani zake, kila mmoja atoe kipande kidogo kwa barabara na kwa uwanja, kisha abaki na viwanja vyenye hati ambavyo bei yake ni kubwa kuliko ile ya shamba zima. Atauza viwili, atabaki na nyumba yake na migomba yake. Tena asisumbuliwe kwa sababu ana ng'ombe wawili ndani ya mipaka ya jiji. Mtu anayefuga kwa kukata majani, akatia samadi shambani na kuuza maziwa kwa jirani, hajauharibu mji. Yeye ndiye sababu ya mwingine kutaka kuhamia karibu naye.

Na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo limeanzisha mji mpya huko Mateves na kushika ardhi Usa River, twaliomba likumbuke yule mama wa soko la Kilombero. Mji mpya wenye barabara nzuri na miti ni jambo la kushukuriwa. Lakini ikiwa bei ya nyumba ya chini kabisa haiwezi kufikiwa na mwalimu mwenye miaka ishirini kazini, basi tumejenga Uzunguni nyingine, safari hii bila ya Mzungu.

Mvua za masika huanza mwezi wa Machi. Mawe ya mpaka wa mita 60 kando ya Themi na Naura yaweza kuchimbiwa chini kabla ya hapo, na twaomba kazi hiyo ianzie juu, kwenye nyumba kubwa za viungani, ndipo ishuke kwa wenye vibanda.